Mfagia Nyika wa Kilivak

Jina la Mfagia Nyika alipewa Mattie Sigvana asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, na aliyempa alikuwa Burton Kunuya, mtoto wa mjomba wake. Katika kijiji cha Kilivak mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Wana haki ya kutukanana mbele ya watu, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Burton aliendesha tingatinga la kijiji, lile linalozibua njia baada ya kila dhoruba. Kutoka kwenye kiti chake cha juu alimwona mwanamke aliyejifunika koti la manyoya akichota theluji kwa beleshi mahali ambapo hapakuwa na njia, wala mlango, wala gari lililozikwa. Palikuwa ni nyika tupu nyuma ya nyumba ya mwisho, na mwanamke yule alikuwa ameikwangua mpaka majani makavu ya kiangazi kilichopita yakaonekana.

Burton alishika redio ya mawasiliano, ambayo kila nyumba ya Kilivak huiacha ikinguruma jikoni kutwa nzima.

"Jamani, huku mwisho wa kijiji kuna mama anafagia nyika," alisema. "Aliye karibu naye amwambie, akimaliza hapo aje afagie na bahari. Na asisahau kupiga deki."

Mattie aliporudi ndani alikuta vicheko bado vinapokezana hewani. Alivua glavu, akabonyeza kitufe.

"Burton, mimi angalau nimeshika beleshi. Wewe tumbo lako ndilo linaloshika usukani."

Kijiji kikacheka mara ya pili, lakini jina likabaki. Watoto wa shule, ambao alikuwa amewapikia chakula cha mchana kwa miaka ishirini na miwili, walianza kumwita hivyo wakiwa kwenye foleni ya sahani, naye akawaitikia bila kinyongo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini, na hakuwa na kawaida ya kueleza mambo kabla hajaulizwa. Kuhusu lile beleshi, hakuna aliyemwuliza.

Chini ya ile nyika palikuwa na ghala. Mumewe aliitwa Lester Uyagak, na babu yake Lester ndiye aliyelichimba kwa sululu katika ardhi iliyoganda, kwa majira mawili ya baridi, akateremka mita sita mpaka akafika kwenye barafu nyeupe isiyowahi kuona jua. Juu yake hakuna kitu isipokuwa kifuniko cha mbao chenye ukubwa wa meza, na ngazi inayoshuka gizani. Humo ndimo familia ya Uyagak ilimoweka nyama ya nyangumi tangu siku hiyo, hasa kile kipande cha mkiani ambacho nahodha hukihifadhi kwa ajili ya karamu ya mwezi wa sita. Lester alikuwa nahodha wa mashua kama baba yake. Mashua ya ngozi na chusa ni mambo ya nahodha, lakini ghala ni la mke wake. Kila mwezi wa tatu, kabla wanaume hawajatoka kwenda kwenye ukingo wa barafu ya bahari, mke wa nahodha hushuka, hulisafisha ghala mpaka kona ya mwisho, kisha hutandika theluji mpya sakafuni. Watu wa Kilivak wanasema nyangumi huchagua atakayemwendea, naye huchagua nyumba yenye mahali safi na baridi pa kumlaza.

Mattie alilipokea ghala hilo kutoka kwa mama mkwe wake likiwa kavu kiasi kwamba ukikwaruza ukuta kwa kucha ulitoa mlio kama wa kioo. Kipimajoto alichokining'iniza kwa kamba, kupitia bomba dogo la pembeni, kilisoma nyuzi tisa chini ya kuganda, majira ya baridi na ya kiangazi. Miaka mitatu iliyopita kilisoma nne. Mwaka uliofuata, tatu. Msimu wa mwisho kilisoma mbili, na katika kona ya kusini Mattie alikanyaga maji. Yalikuwa machache, hayakufunika kidole cha buti, lakini nyama iliyokuwa upande ule iliota utelezi, na ilibidi itupwe. Kutupa nyama ya nyangumi si jambo linalozungumzwa kwa sauti.

Mwezi wa kumi Lester aliwakutanisha mabaharia wake. Hobson, mdogo wake na mrusha chusa wa mashua, ndiye aliyesema wazi.

"Kaka, wenzetu wawili wameshafukia maghala yao. Wamenunua mafriza, maisha yanaenda. Tunangoja nini? Tungoje nyama yote ioze ndio tujue?"

"Nyama ya friza ni mbao," alisema Lester. "Babu angeitema."

"Babu hakuwahi kukanyaga maji mle ndani."

Wakakubaliana kungoja majira mamoja ya baridi. Mwezi wa tatu wangeshuka wote na kukagua. Wakikuta ukuta unavuja, ghala lingejazwa kokoto hadi juu na kifuniko kupigiliwa misumari. Mattie alikuwa akimimina chai wakati maneno hayo yanasemwa. Asubuhi baada ya dhoruba iliyofuata alichukua beleshi.

Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa njia yake, polepole, kwa muda wa mwaka mzima. Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba ghala la jirani, lililoko karibu kabisa na njia ambayo tingatinga huikwangua kila siku, lilibaki gumu na kavu, wakati lake, ambalo lilikuwa na kina kirefu zaidi, lilikuwa linalegea. Kitu cha pili kilikuwa dhoruba zenyewe. Alipokuwa msichana, bahari ya Kilivak iliganda kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi, na tangu hapo majira ya baridi yalikuwa kimya, makavu, yenye theluji chache ngumu kama chumvi ya mawe. Sasa bahari ilibaki wazi na nyeusi hadi karibu na Krismasi. Pepo za kusini magharibi zilipita juu ya maji yale, zikabeba uvuguvugu na unyevu, zikaja kuumwaga juu ya kijiji. Dhoruba ilipofika, baridi ilikimbia kwa siku mbili tatu, na mara nyingine mvua ilinyesha katikati ya giza la mwezi wa kwanza. Dhoruba ilipoondoka iliacha mawingu yaliyotanda kama dari, na iliacha theluji nyingi, laini, ya kina cha kiuno.

Wageni hudhani kwamba theluji nyingi ni baridi nyingi. Mattie alijua sivyo, kwa sababu aliwahi kulala ndani ya theluji akiwa na baba yake, wamezingirwa na upepo, na walipata joto la kuwatosha. Ardhi ya Kilivak inahitaji majira yote ya baridi ili ipumue joto la kiangazi litoke. Ikifunikwa mapema kwa theluji nene, joto hilo halitoki. Hubaki chini, nalo likiongezewa la mwaka unaofuata, hushuka hatua kwa hatua mpaka kwenye ukuta wa ghala. Ndiyo maana aliikwangua nyika. Aliondoa theluji juu ya ghala na hatua kumi kuzunguka kila upande, na kulipokuwa na anga safi na baridi kali alifungua kifuniko ili hewa nzito ya baridi ishuke yenyewe ndani. Dhoruba ilipokaribia alikifunga. Siku za shule alifanya hivyo akitoka kazini, saa nane mchana, wakati mwanga wa samawati unaomaliza siku ulikuwa bado kusini. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili kipimajoto kilisoma nyuzi nne chini ya kuganda.

Mwezi wa kwanza ilimbidi asafiri. Binti yao Roxy alikaribia kujifungua, na wanawake wa Kilivak hujifungulia katika hospitali ya mji mkubwa, saa mbili kwa ndege. Kabla ya kuondoka Mattie alimwonyesha Lester kamba ya kipimajoto na kona ya beleshi.

"Kukiwa na baridi, wazi. Kukija joto, funga," alisema. "Theluji ikianguka, itoe."

"Mke wangu, mimi nimezaliwa juu ya hilo ghala."

"Najua. Ndiyo maana nakukumbusha."

Alikaa huko siku kumi na tisa. Mtoto alizaliwa wa kiume, mzima, mwenye nywele nyingi. Siku ya nane ya safari hiyo dhoruba kubwa kuliko zote za miaka hiyo iliipiga pwani. Mattie aliitazama kwenye televisheni ya hospitali akiwa amemshika mjukuu: katika siku moja Kilivak ilipanda kutoka nyuzi thelathini na moja chini ya kuganda hadi nyuzi moja juu yake. Mvua ikanyesha. Kisha theluji nzito yenye maji, siku mbili, na baada yake upepo uliozoa theluji ya nyika nzima na kuirundika popote ilipopata pa kushika. Alipiga simu.

"Umefunga?"

"Nimefunga," alisema Lester. "Usiwe na wasiwasi. Nimelitunza hata zaidi ya ulivyosema."

Ndege iliporudi Kilivak na Mattie, Roxy na mtoto, hewa ilikuwa imeshapoa tena kwa siku sita, na Lester aliwapokea kwa pikipiki ya theluji yenye kitoroli nyuma. Walipopinda kuelekea nyumbani Mattie aligusa bega lake asimame. Nyuma ya nyumba palikuwa na kilima cheupe kilichozidi urefu wa paa.

"Lester, ile ni nini?"

"Ghala."

"Ghala nalijua. Naulizia ule mlima."

Lester alizima injini. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu mwenye goti bovu, na hakuwa mwongo.

"Mvua ilikuwa inakuja, mama Roxy. Nikasema ikipenyeza kwenye kifuniko tumekwisha. Nikamwita Burton na tingatinga, tukalifunika. Kama tunavyofunika mwezi wa tano kila mwaka. Babu alifanya, baba alifanya. Theluji inalinda."

"Mwezi wa tano."

"Ndiyo."

"Mwezi wa tano mnafunika kwa sababu nje kuna joto na ndani kuna baridi. Theluji inazuia joto lisiingie." Mattie alizungumza taratibu, kama anavyozungumza na watoto wanaosukumana kwenye foleni. "Sasa nje kuna baridi. Na wewe umeizuia isiingie."

Lester alikitazama kile kilima.

"Kwa siku ya mvua ulifanya vizuri," aliendelea Mattie. "Mvua ilikwisha lini?"

"Siku ya pili."

"Na leo ni ya kumi na mbili."

"Nilidhani naongeza baridi," alisema Lester.

"Blanketi halina joto lake wala baridi yake. Linashika tu kile linachokikuta."

Roxy, aliyekuwa amemfunika mtoto ndani ya koti, alisema anasikia baridi miguuni, wakaenda nyumbani.

Kesho yake Mattie aliivuta ile kamba, ambayo ilitokeza kwenye lile bomba la pembeni, nje ya kilima. Nyuzi mbili. Zilibaki wiki sita na siku moja kabla ya ukaguzi. Alipanda juu ya kilima na beleshi akafanya kazi saa mbili, na aliposhuka aligundua kwamba kilima hakikujua kama kulikuwa na mtu. Theluji iliyonyeshewa mvua ilikuwa imeganda kwa ndani kama saruji. Aliyekirundika kwa mashine ndiye angeweza kukiondoa, na kumwomba mtani msaada si jambo jepesi, kwa sababu mtani hujibu kwa utani.

Burton alikuja mwenyewe siku iliyofuata, lakini hakuja kwa ajili ya ghala. Mwezi wa tisa alikuwa amemzika baba yake, mzee Taktuk, na habari zilikuwa zimemfikia kwamba Roxy amempa mtoto jina hilo. Watu wa Kilivak huyachukulia majina kwa uzito. Anayepewa jina la marehemu huja na undugu wa marehemu, na huitwa kama marehemu alivyoitwa. Burton, mtu wa kilo mia moja na ishirini, alivua buti mlangoni, akanawa mikono bila kuambiwa, akasogea kwenye kitanda kwa ncha za vidole.

"Baba," alisema. "Umerudi."

Mtoto alipiga chafya.

"Amekasirika," alisema Mattie. "Amesikia unavyoendesha tingatinga."

"Mbona hana meno? Tulimzika na meno yake yote."

"Yalikuwa ya bandia, Burton."

"Ala! Na muda wote ule alininyima nyama ngumu akisema meno yake ni ya kweli." Burton alimshika mtoto kidole. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ile ile. "Mjomba wako huyu, Mfagia Nyika. Umheshimu. Asubuhi umpe salamu yake kabla hujaenda kufagia."

"Mjomba wangu nimemwamkia tangu siku ya kwanza. Ila kufagia sitaweza tena. Kuna fisadi ameniwekea mlima juu ya nyika yangu."

"Fisadi gani?"

"Mnene hivi. Anaendesha mashine."

Burton alicheka mpaka Roxy akamwambia anyamaze. Kisha akauliza kwa mara ya kwanza katika majira yote yale ya baridi kwa nini alikuwa anaikwangua ile nyika, naye Mattie akamweleza kama alivyomweleza mumewe. Burton alisikiliza huku akimtazama mtoto.

"Kwa hiyo baba yangu akishaota meno, nyama yake ya karamu itatoka humo au itatoka kwenye friza?"

"Hilo ndilo linalosubiriwa."

"Kesho asubuhi," alisema Burton.

Alikuja na tingatinga kabla ya saa nne. Lakini aliliegesha mbali, kwa sababu baada ya mvua ile hakuna aliyejua paa la ghala lingestahimili uzito kiasi gani, na Mattie alimzuia asilisogeze zaidi ya fimbo nne alizokuwa amezisimika. Mashine ilikula kilima kwa pembeni muda wa siku mbili. Sehemu ya katikati ilibaki kazi ya mikono. Walikata matofali ya theluji kwa msumeno, Mattie na Burton juu, Lester akiyapokea chini na kuyavuta kwa kitoroli, goti lake likiwa limefungwa kitambaa. Siku nne zilipita hivyo. Kwenye redio sauti moja iliuliza kama Burton naye sasa ni mfagia nyika, naye akajibu kwamba yeye ni msaidizi tu, bado yuko kwenye majaribio, na mshahara ni matusi.

Siku ya sita majani yalionekana. Mattie alifungua kifuniko, na hewa iliyotoka ilimgusa uso ikiwa vuguvugu kuliko ile ya nje, jambo ambalo hakuwahi kulisikia hapo tangu aolewe. Alikiacha kifuniko wazi.

Mwezi wa pili ulianza vizuri. Upepo uligeuka ukatoka kaskazini mashariki, juu ya barafu, anga ikawa safi, na kwa siku kumi na mbili baridi ilishuka hadi nyuzi thelathini na nane. Jua lilikuwa limesharudi, dogo na jekundu juu ya upeo. Kamba ilisoma nyuzi mbili kwa siku tano, kisha tatu. Hewa hupoa haraka, lakini ukuta ni mzito, nao hauharakishwi. Halafu katika wiki ya tatu dhoruba nyingine ikaja kutoka kusini magharibi, ndogo kuliko ile ya kwanza, yenye uvuguvugu na theluji laini ya siku mbili. Mattie alifunga. Ilipopita alifungua, na akachota. Lester alichota upande wa pili bila kuambiwa. Mawingu yalikaa siku saba, na kwa siku hizo saba kipimajoto hakikusogea; yalipofunguka baridi ilirudi, nacho kikaanza kushuka tena. Alikuwa akikitazama mara moja tu kwa siku. Aliwahi kumwambia Roxy kwamba kukitazama mara mbili ni kukisumbua.

Siku moja kabla ya ukaguzi alishuka mwenyewe na taa kufanya usafi. Alifagia sakafu, akafuta ngazi, akaangua barafu chafu iliyodondoka. Kuta tatu zilikuwa zimeota maua ya barafu, meupe na makavu. Katika kona ya kusini, mahali pale pale pa maji, palikuwa na doa jeusi lenye upana wa mikono miwili, na alipoligusa kwa kidole bila glavu, kidole kilirudi na unyevu.

Juu, Lester alikuwa amemletea ndoo za theluji mpya iliyochaguliwa mbali na njia.

"Nizishushe?" aliuliza. "Utandike leo leo, kesho wakute pako tayari."

Mattie alitambua anachomaanisha. Theluji ikitandikwa na kuegemezwa ukutani kama ilivyo desturi, ile kona ingefunikwa, na hakuna mtu ambaye angeifukua siku ya ukaguzi.

"Theluji inatandikwa baada ya kukagua," alisema.

"Mama yangu alitandika kabla."

"Mama yako hakuwa na cha kufunika."

Lester alizirudisha ndoo kivulini.

Kesho yake walishuka wanne: Lester, Hobson, baharia mmoja wa makamo, na Mattie mwenye taa. Burton hakuwa wa mashua ile. Alibaki juu, amelala kifudifudi kwenye ukingo, kichwa chake kikiziba mwanga.

"Burton, toa kichwa, unatuletea usiku," alisema Hobson.

"Namwakilisha baba yangu. Amesema nitazame kila kitu."

Hobson alivua glavu. Alianza ukuta wa kaskazini, akaupapasa kwa kiganja kizima, akaugonga kwa kisu. Ulitoa mlio. Akaenda wa mashariki, wa magharibi. Kipimajoto kilisoma nyuzi nne na nusu. Alipofika kusini Mattie alisogeza taa karibu na lile doa kabla hajaulizwa.

"Hapa," alisema.

Hobson aliinama.

"Shemeji, hapa bado panatoka jasho."

"Panatoka. Mwaka jana palikuwa na maji mpaka pale uliposimama. Mwezi wa kwanza, tulipoutoa ule mlima, ukuta mzima ulikuwa umelowa."

"Si ungengoja kuniambia kesho kutwa, nikishakula andazi lako," alitania Hobson.

"Halafu ungekula na nyama yenye utelezi."

Yule baharia wa makamo aliguna kwa kicheko. Hobson aliweka kidole kwenye doa, akakitazama, akakifuta kwenye suruali. Walipanda ngazi mmoja mmoja, na Mattie akafunga kifuniko kwa sababu upepo ulikuwa umeanza kugeuka.

Jikoni walikaa kwenye meza, Burton pamoja nao, wakiwa wamevua makoti. Mattie alikuwa ameacha unga wa maandazi ukiumuka, akawasha jiko na kuweka sufuria ya mafuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa na malengelenge yaliyokauka, akaukunja kidogo alipokuwa anakata unga. Lester alimwacha Hobson aseme kwanza, kama ilivyokuwa haki yake.

"Mimi nilikuja kufukia," alisema Hobson. "Nilikuwa nimeshaongea na mtu wa kokoto. Sasa kuta tatu ni nzima. Siwezi kusema si nzima. Lakini ile kona mwaka kesho itakuwaje? Dhoruba hazipungui. Na shemeji hatakuwa na mgongo huu miaka kumi."

"Mgongo wangu uache," alisema Mattie bila kugeuka.

"Sisemi vibaya, shemeji. Nasema kweli. Kama ni kazi ya mtu mmoja, itakufa na mtu mmoja."

Lester aligeuza kikombe chake mara mbili mezani.

"Basi isiwe ya mtu mmoja," alisema. "Nyama ya karamu tunaiweka upande wa kaskazini. Upande wa kusini unabaki mtupu. Ile nyama nyingine, iende friza mwaka huu, tutaitafuna kama mbao. Na kila dhoruba, mabaharia wawili juu ya ghala, kwa zamu. Asiyekuja zamu yake hapandi mashua yangu. Nitaanza mimi, maana mimi ndiye niliyelifunika."

"Na huyu?" Hobson alimwelekezea Burton kidevu.

"Mimi si wa mashua yenu," alisema Burton, mdomo umejaa andazi. "Mimi natumwa na baba."

"Baba yako analala."

"Analala, lakini ameacha maagizo. Nikizibua njia ile inayopita nyuma ya nyumba yenu, theluji nitaisukumia upande wa ziwa, isirundikane kusini mwa ghala. Miaka yote naisukumia pale pale, hakuna aliyeniambia kwamba pana ubaya wowote."

Hobson alimtazama, kisha akamtazama Mattie. Inaelekea alikuwa akiihesabu ile miaka, na kona ile, na upande ambao Burton alikuwa akisukumia theluji. Mattie alikuwa ameshaihesabu siku nyingi nyuma.

"Haya," alisema Hobson hatimaye. "Mwaka mwingine. Kokoto zingoje."

Lester aliamka kwenda kushusha ndoo za theluji, na yule baharia wa makamo akamfuata. Kutoka chumba cha pili mtoto alianza kulia, na Burton akaomba ruhusa ya kwenda kumsalimia mzee. Mattie alibaki na maandazi matano ya mwisho. Aliyatia kwenye mafuta, akayageuza la kwanza lilipopata rangi, akayatoa moja moja na kuyapanga juu ya karatasi. La mwisho lilikuwa limepinda kidogo. Alilikung'uta mafuta, akaliweka na mengine, kisha akazima jiko.